Fundi wa Pili

Kilima cha Naguru, kilichoko mashariki ya jiji la Kampala baina ya Kololo na Ntinda, kimejulikana kwa watu kwa mambo mengi: kwa nyumba za wafanyakazi zilizojengwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu vya Pili, ambazo mwanazuoni David Parkin alizichungua mwanzoni mwa miaka ya 1960 akawakuta Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya wakiishi mlango kwa mlango na watu wa makabila mengi ya Uganda, kwa hofu ya zama za Idi Amin, ambapo kambi ya polisi ya mahali hapo ilitajwa kwa sauti ya chini, kwa bomoabomoa ya Julai 2011, iliyoziondoa nyumba zile za wafanyakazi pamoja na jamaa waliokuwa wakikaa ndani yake, na kwa hospitali ya urafiki baina ya China na Uganda, iliyofunguliwa Januari 2012. Hayo yote yamekwisha kuandikwa. Leo nataka kunena habari ya jambo jingine, ambalo halipo juu ya kilima bali chini yake, nalo ni habari ya ala na mitambo ya kazi: nani huivumbua, nani huieneza, na nani hubaki nayo siku inapovunjika.

Anayeshuka Naguru kwa upande wa kusini hufika Barabara ya Jinja na soko la Nakawa, na ndani ya mwendo mfupi wa miguu huyakuta makao matatu ya elimu ya ufundi ambayo ni nadra kukutana mahali pamoja katika Afrika ya Mashariki. La kwanza ni Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda, ambayo watu huiita kwa herufi zake UIRI, iliyotungiwa sheria na Bunge mwaka 2002, na ambayo nasaba yake inarejea katika huduma za utafiti za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, kama vile taasisi za namna hiyo, KIRDI ya Kenya na TIRDO ya Tanzania, zilivyozaliwa mwaka 1979 baada ya mirathi hiyo kugawanywa. La pili ni chuo cha ufundi cha Nakawa, kilichoanzishwa kwa msaada wa Japani, ambacho kimewafunza vijana kukereza chuma, kuchomelea na kufunga mitambo ya umeme tangu mapema katika miaka ya 1970. La tatu halina lango wala ubao wa jina: ni safu za karakana za mabati zilizotapakaa kando ya barabara na ndani ya vichochoro kuelekea Ntinda, ambamo milango huundwa, shafti hunyooshwa, na mashine za kila namna huletwa zikiwa vipande, zikatoka zikiwa nzima. Na hapo karibu, katika uwanja wa Lugogo, chama cha wenye viwanda hufanya maonyesho yao ya kila mwaka, ambapo mitambo mipya husimamishwa ikiwa imepakwa rangi, ikatazamwa na halaiki ya watu, ikapigwa picha na magazeti.

Makao haya matatu yametazamana kwa miaka mingi, na njia baina yao haikanyagwi kadiri inavyostahili. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni namna tunavyolifahamu neno uvumbuzi. Katika fikira za watu wengi, na hususan za wale wagawao fedha za utafiti, mvumbuzi ni yule aliyeitoa ala kwa mara ya kwanza, akaionyesha Lugogo, akapewa cheti na kupeana mkono na waziri. Na wote wanaokuja baada yake huhesabiwa kuwa waigaji, na mara nyingine huitwa wezi. Hesabu hiyo ina upungufu mkubwa. Ala ya kazi haikamiliki kuvumbuliwa siku ilipozunguka mara ya kwanza, bali siku fundi wa pili, asiyemjua yule wa kwanza na asiyepata kuiona michoro yake, anapoweza kuifungua, kuifahamu, kuitengeneza upya kwa chuma kinachouzwa sokoni kwake, na kuirekebisha ikaafikiana na haja ya mteja aliyesimama mbele yake. Fundi huyu wa pili ndiye ninayetaka kumtetea, kwa sababu naona mustakabali wa mitambo yetu umo mikononi mwake zaidi kuliko ulivyo katika mikono ya mtu mwingine yeyote.

Natuanze na mashine ya kusaga, madhali hakuna mtambo ulio karibu zaidi na matumbo ya watu wa Kampala. Posho ya mahindi ndiyo chakula cha shule, cha kambi za polisi na askari, na cha kila mtu afanyaye kazi ya kibarua, na sehemu kubwa ya unga wake husagwa Kisenyi, mtaa ulio kando ya kitovu cha jiji, ambako sauti za mashine hazikatiki na kuta za nyumba zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Ukiitazama mashine hiyo kwa nje utadhani ni chombo sahili. Mota huzungusha puli, puli huvuta mkanda, mkanda huzungusha shafti, na juu ya shafti hiyo zimetundikwa nyundo bapa za chuma, ambazo hazikukazwa kwa bolti bali zinaning'inia katika pini zake, ili zikikutana na jiwe au msumari uliochanganyika na mahindi zirudi nyuma badala ya kuvunjika. Nyundo hizo huyapiga mahindi hata yakawa vumbi, na vumbi hilo halitoki mpaka lipite katika tundu za chekecheo cha chuma kilichokizunguka chumba cha kusagia: tundu zikiwa kubwa, unga huwa wa kuku; zikiwa ndogo mno, unga huwa laini lakini kazi hupungua na umeme ukaliwa pasipo faida.

Siri ya mashine imo katika zile nyundo. Kila nyundo ina pembe nne, na ni pembe moja tu ifanyayo kazi kwa wakati mmoja. Ikiisha kuliwa, mwenye mashine huigeuza atumie ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, na baada ya hapo nyundo haina maisha. Chuma cha kawaida kinachouzwa dukani ni laini, na nyundo iliyokatwa kwa chuma hicho huisha upesi, na kila inapokwisha sehemu ya chuma chake imekwenda kuchanganyika na unga wa watu. Kwa hiyo fundi hutafuta springi kuukuu ya lori, kwa kuwa chuma chake kina kaboni ya kutosha kupokea ugumu, huipasha moto hata igeuke rangi anayoijua kwa jicho, akaitosa katika mafuta machafu ya injini, kisha akaipasha tena kidogo ili isiwe kavu ya kupasuka. Akimaliza huziweka nyundo juu ya mizani, mbili mbili, kwani zilizotundikwa katika pini zinazoelekeana sharti ziwe na uzito mmoja. Zikikhitilafiana, rota hutikisika, beringi hufa, na hatimaye shafti hupinda. Elimu yote hii, ya madini, ya joto na ya mizani, haimo katika hati yoyote ya uvumbuzi. Imo katika mikono ya watu ambao aghalabu hawakupata kumaliza shule, nao huipokezana kwa kutazamana.

Watu wa Buganda wanayo hadithi ya Walukaga, mhunzi mkuu wa Kabaka, aliyeamriwa na mfalme wake amfulie mtu hai wa chuma, mwenye damu mwilini na akili kichwani. Walukaga alifadhaika, mpaka alipopata shauri la rafiki yake mwendawazimu, akarudi kwa mfalme akamwambia ya kuwa kazi hiyo yawezekana kwa sharti apatiwe mizigo elfu ya makaa ya nywele za watu na mitungi mia ya maji ya machozi. Na mfalme, alipoona hata raia wote wakinyolewa na kulizwa hayatimii hayo, akalitangua agizo lake. Hadithi hii husimuliwa watoto kwa ajili ya busara yake. Mimi huisikia kuwa ni hadithi ya kweli kabisa ya karakana, kwa sababu swali la kwanza la mhunzi, jana na leo, si swali la wazo bali ni swali la mali ghafi: kwa makaa gani, kwa chuma gani, na kitapatikana wapi?

Kabla ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Jinja mwaka 1954, na kwa muda mrefu baadaye katika vijiji ambavyo waya haukufika, mashine za kusaga ziliendeshwa kwa injini za dizeli, na mashuhuri kuliko zote ilikuwa Lister ya Kiingereza, ile ya silinda moja na magurudumu mazito mawili, iliyoanza kuundwa Dursley mwaka 1929. Injini ile ilikwenda taratibu, mizunguko mia sita na kitu kwa dakika, na kwa ajili ya upole wake huo ilidumu miaka mingi, na mtu mwenye spana chache na akili timamu aliweza kuifungua na kuifunga. Waingereza waliacha kuiunda mwaka 1987. Lakini haikufa, kwa kuwa mafundi wa mji wa Rajkot, katika Gujarat ya Bara Hindi, walikuwa wamekwisha jifunza kuinakili kipande kwa kipande, wakaendelea kuitoa karakana kwa karakana na kuiuza ng'ambo kwa bei ambayo mkulima aliimudu. Rajkot haikuvumbua Lister. Rajkot iliifanya Lister iendelee kuwapo duniani baada ya mvumbuzi wake kuichoka, na wakati ikifanya hivyo ulijengeka mji mzima wa watu wajuao kusubu chuma, kukereza na kupima.

Hapa kwetu fundi wa pili hakupewa nafasi hiyo, na historia ya jambo hilo inauma. Pamba ilipoanza kulimwa Uganda kwa wingi katika mwaka 1903 na 1904, baada ya Kristen Borup wa Kampuni ya Uganda kugawa mbegu, zililetwa mashine ndogo za mkono za kuchambulia, ambazo mtu aliweza kuziweka karibu na shamba na kuzizungusha yeye mwenyewe akatenga nyuzi na mbegu. Mwaka 1908, katika siku za Gavana Hesketh Bell, ilitoka sheria ya pamba, na pamoja nayo mashine za mkono zikapigwa marufuku. Hoja ya serikali haikuwa ya uongo: mbegu zilichanganyika, nyuzi zikatoka chafu, na wanunuzi wa Lancashire, Uingereza, wakanung'unika. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuiondoa ala katika mikono ya mkulima, badala ya kuitengeneza ala na kumfunza mwenye kuitumia. Tangu hapo kazi ya kuchambua pamba ikawa ya viwanda vikubwa vya injini, vilivyomilikiwa na Wazungu na baadaye zaidi na Wahindi, na haikurejea kwa Waafrika kwa kiasi cha maana mpaka vyama vya ushirika vilipoanza kununua viwanda hivyo katika miaka ya 1950. Karibu nusu karne ilipita ambamo kijana wa Kiganda, Kisoga au Kiteso aliiona mashine ya pamba kwa mbali kama mpagazi, wala hakuitia mkono kama fundi. Sisemi ya kuwa mashine za mkono zingalishinda. Nasema tulipotezewa watoto na wajukuu wa mashine zile, yaani marekebisho ambayo mafundi wa vijijini wangaliyafanya laiti wangaliachiwa nafasi.

Baada ya 1972, Wahindi walipofukuzwa kwa kupewa siku 90 za kuondoka na vipuri vikawa adimu katika nchi nzima, dhiki iliwalazimisha watu kufanya lile ambalo sheria ililizuia zamani. Katwe, upande wa kusini wa jiji, ikapata sifa ambayo haijaipoteza hata leo, ya kuwa hakuna kipuri kisichoweza kuigwa huko. Watu wa heshima huitaja sifa hiyo kwa kukunja uso, kwa kuwa wanaikumbuka bidhaa hafifu. Ni kweli bidhaa hafifu ilikuwapo na ingaliko. Lakini nchi iliendelea kusaga, kusafiri na kujenga kwa ajili ya mikono ile, na asiyeweza kuliona hilo hajaitazama hesabu ya miaka ile kwa insafu.

Ziko ala ambazo kwa bahati njema zilitungwa tangu mwanzo zikimkusudia fundi wa pili, na mifano yake iko katika nchi jirani. Mwaka 1985, katika upande wa Arusha, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg aliunda kinu cha mkono cha kukamulia mafuta ya alizeti: wenzo mrefu husukuma pistoni, pistoni huzisukuma mbegu ndani ya kizimba chenye mianya, mafuta hudondoka, na mashudu hutokea mwisho wa mdomo ambapo kizuizi chenye umbo la pia huyabana kwa kadiri mtu atakavyo. Hakuna mota, wala haja ya kupasha mbegu moto. Walakini kinu cha kwanza kilikuwa kizito, kikidai nguvu za wanaume, ilhali wenye alizeti na wenye haja ya mafuta walikuwa hususan wanawake. Na kwa hiyo katika miaka iliyofuata kikapunguzwa unene wa pistoni na uzito wa wenzo, hata mtu mmoja asiye na misuli mikubwa akaweza kukitumia peke yake. Mafanikio ya kinu hiki nayahesabu kuwa yalianza siku kilipopunguzwa.

Vivyo hivyo jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lililotokea Nairobi mapema katika miaka ya 1980. Wazo lake lilitoka Thailand, lakini mafundi wa bati wa Shauri Moyo ndio waliolipa umbo ambalo wao wenyewe waliweza kulikata na kulikunja kwa nyundo na mkasi, na kwa sababu hiyo lilivuka mipaka bila wakala wala tangazo, hata leo sigiri za namna yake zauzwa katika masoko ya Kampala na udongo wake ni wa humu humu Uganda.

Lakini mfano ulionivutia kuliko yote ni ule wa mashine ya matofali. Katika miaka ya 1950 mhandisi Raúl Ramírez, akifanya kazi katika kituo cha makazi kilichokuwa Bogotá, Colombia, aliunda sanduku la chuma lenye wenzo, ambalo mtu hutia ndani yake udongo mbichi uliochanganywa na saruji kidogo, akaubana kwa uzito wa mwili wake, akatoa tofali lisilohitaji kuchomwa. Sanduku hilo lilizunguka dunia. Lilipofika Afrika ya Mashariki likaundwa Nairobi na kampuni ya Makiga, likageuzwa litoe matofali yenye ulimi na mfuo yanayoshikana yenyewe, na saruji ya kuungia ikapungua. Kisha Uganda, Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere, yule yule aliyetengeneza taulo za hedhi za MakaPads kwa mafunjo na karatasi chakavu, akalichukua wazo hilo akalipinda, kwa maana halisi ya kupinda: tofali likawa na mviringo, na matofali ya mviringo yakajenga matangi ya maji. Katika nchi ambamo matofali ya kuchoma huteketeza miti isiyo na idadi, na ambamo maji ya mvua ya paa humwagika bure, mtu mmoja aliziona dhiki mbili akazipatanisha kwa kubadilisha umbo la kibao cha chuma ndani ya sanduku. Je, nani mvumbuzi wa tangi lile? Ramírez wa Bogotá, mafundi wa Nairobi, au Musaazi wa Makerere? Ikiwa sheria yetu au fahari yetu inatulazimisha kumtaja mmoja tu, basi imetulazimisha kusema jambo lisilo kweli.

Turejee Nakawa. Ndani ya UIRI, kikundi kilichoongozwa na mhandisi Philippa Makobore kiliunda kifaa cha kudhibiti mwendo wa dripu: kipima matone huyahesabu yanapoanguka, akili ya umeme huyalinganisha na kiasi kilichoagizwa na daktari, na mpira hubanwa au kulegezwa kwa mujibu wake, ili mtoto mchanga asipewe maji au dawa kupita kiasi katika wodi ambamo muuguzi mmoja anawatazama wagonjwa wengi. Mwaka 2017, huko Accra, kazi hiyo ilipata zawadi ya pili, dola 25,000, katika shindano la Afrika nzima la wavumbuzi. Mimi huona fahari kila nikumbukapo kwamba jambo hili lilifanyika chini ya kilima ambacho juu yake ipo hospitali ya umma. Ni kweli kifaa cha tiba hakiwezi kuachiwa karakana ya kichochoroni kukiunda: chahitaji majaribio, vibali na usafi usio na mchezo. Hata hivyo hakuna kifaa kisichoharibika, na hospitali zetu zina vyumba vilivyojaa mashine za msaada zilizonyamaza kwa kukosa fyuzi, mpira au mtu wa kuzifungua. Nguvu ya kifaa kilichoundwa Nakawa ni kwamba aliyekiunda yu karibu. Na nguvu hiyo itatimia pindi wanafunzi wa chuo cha ufundi, walio umbali wa kutembea kwa miguu, watakapofundishwa kukitengeneza kabla hakijaharibika mara ya kwanza.

Sheria, kwa upande wake, ina milango ambayo mafundi hawaijui. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014, isimamiwayo na ofisi ya usajili ya Uganda, URSB, humpa mwenye uvumbuzi kamili hifadhi ya miaka 20; lakini pia ina cheti cha daraja ya chini, cha miaka 10, kwa ajili ya marekebisho ya manufaa ya ala, mashine au kifaa, ambacho hakidai ubunifu wa kina kama ule wa hati kubwa. Cheti hicho ni kana kwamba kilikatwa kwa kipimo cha fundi wa pili: yule aliyeongeza mlango wa usalama katika mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, au aliyebadilisha mdomo wa mashine ya kupukuchulia mahindi usizibe. Na upo mlango mwingine mpana zaidi. Hati ya uvumbuzi hutawala katika nchi iliposajiliwa tu. Iliyoandikwa London, Tokyo au Chicago, ikiwa haikusajiliwa Uganda moja kwa moja wala kwa njia ya shirika la kanda, ARIPO, lililoko Harare, basi humu nchini haimfungi mtu kuunda na kuuza kile kilichoelezwa ndani yake. Na kila hati sharti ieleze uvumbuzi kwa ukamilifu, kwa michoro na maneno, kwani hiyo ndiyo bei anayoilipa mvumbuzi kwa ajili ya hifadhi aipewayo. Maana yake ni kwamba ipo hazina isiyo na mwisho ya michoro ya pampu, vinu, mitambo ya kukausha na ya kupeta nafaka, iliyo halali kwa fundi wa Nakawa kuitumia leo. Lakini imeandikwa kwa lugha ya kigeni ya mawakili, na hakuna aliyekaa chini kumfasiria.

Liko jambo moja zaidi, nalo nalihesabu kuwa zito kuliko sheria: vipimo. Mwaka 1841 Joseph Whitworth aliwapendekezea wahandisi wa Uingereza kwamba nyuzi zote za bolti zichongwe kwa pembe moja, digrii 55, na kwa hesabu moja ya nyuzi kwa kila inchi kwa kila unene wa bolti, kwa kuwa hadi siku hiyo kila karakana ilikuwa na bolti zake, na nati ya mji huu haikuingia katika bolti ya mji ule. Sisi tumerithi nyuzi zake katika mashine kuukuu za Kiingereza, kisha tukapokea nyuzi za milimita, zenye digrii 60, katika magari ya Japani na mitambo ya China, na zote hukutana katika ndoo moja ya bolti chakavu. Mteja husema, "Fundi, nitengenezee kama ile ya jirani," na fundi huipima ile ya jirani kwa kamba au kwa macho, akatengeneza ya pili ifananayo na ya kwanza lakini isiyoweza kubadilishana nayo hata pini moja. Mashine kumi za karakana moja ni mashine kumi mbalimbali. Hapo ndipo fundi wetu anaposhindwa na bidhaa ya ng'ambo, wala si kwa uvivu au kwa upungufu wa akili. Na hapo ndipo taasisi yenye vyombo vya kupimia, kama ile ya Nakawa, inapoweza kumfaa kuliko mahali pengine popote.

Thamani ya vipimo vilivyoandikwa si jambo jipya: mwaka 1206, katika mji wa Diyarbakir, mhandisi al-Jazari alimaliza kitabu chake cha mitambo, na kilichomtofautisha na wengi waliomtangulia si maajabu ya saa zake za maji na pampu zake tu, bali ni kwamba aliandika kila kipande, kipimo chake, namna ya kukisubu na namna ya kukiunga, kwa kumkusudia fundi ajaye. Mwaka 1976, kwa maonyesho ya ustaarabu wa Kiislamu yaliyofanywa London, mafundi waliifuata kalamu yake wakaunda upya saa yake ya maji, ikafanya kazi. Miaka 770 ilikuwa baina ya fundi wa kwanza na wa pili.

Nakawa haihitaji muda kama huo. Kazi ianze na nyundo za mashine ya kusaga, kwa sababu kila mtu anakula kilichopita chini yake: taasisi ichague umbo moja, uzito mmoja, kipenyo kimoja cha tundu na kiasi kimoja cha ugumu, chuo cha ufundi kiunde vibao vya kukatia na vya kutobolea, kiviuze kwa bei ya chuma chake, na mchoro uchapwe kwa Kiganda na Kiswahili katika karatasi moja isiyolowana, ubandikwe karakana kwa karakana, tangu Kisenyi na Katwe hadi vichochoro vilivyo chini ya Naguru. Kisha, mwaka ukipita, watafiti washuke na daftari, wakague mafundi wamebadilisha nini katika mchoro ule, wawaulize sababu, na toleo la pili lichapwe likiwa na mabadiliko hayo pamoja na majina ya walioyafanya.